Punguzo la kliniki: andika bei mbili, si asilimia tupu

Ukitangaza punguzo la kusafisha meno, usiandike "punguzo la 40%" ukaishia hapo. Andika: "Sh 3,000 badala ya Sh 5,000, tarehe 1 hadi 31 Machi, kumwona daktari kumo, eksirei hulipiwa kando." Ugomvi wa kaunta unaweza kuanzia kwenye hiyo eksirei. Bei ya zamani iwe ile wagonjwa waliyoilipa kweli. Kuipandisha wiki moja kabla ili uishushe ni udanganyifu. Wape mapokezi na keshia nakala kabla tangazo halijatoka. Kwa matibabu yasiyorudishika, kama kung'oa jino, usiweke kabisa "leo tu": mgonjwa anahitaji muda wa kuuliza na kufikiri. Muda wa punguzo ukiisha, lifute tangazo kwenye Facebook na WhatsApp siku hiyohiyo.