Kurekebisha breki za ringi hatua kwa hatua

Baiskeli nyingi zinazoletwa eti breki haishiki, mwenyewe keshakaza waya mpaka mwisho na bado analalamika, kumbe waya hauna kosa lolote. Waya tunaugusa baadae kabisa. Naongelea zile breki zenye mikono miwili mirefu, mmoja kila upande wa ringi. Andaa spana ya L ya milimita 5, bisibisi ndogo ya nyota, koleo, kitambaa safi na spiriti.

1. Anza na gurudumu. Hakikisha limekaa sawa kwenye foko na nati zimekazwa, afu linyanyue ulizungushe, uangalie ringi inavyopita katikati ya raba za breki. Ikiwa inayumba kushoto kulia hiyo kazi ya spoku, inyooshwe kwanza, la sivyo utashinda hapo unabana huku inagusa kule.

2. Futa ringi kwa spiriti. Oili isisogee hapo hata tone. Cheki na raba zenyewe: mifereji ikiwa imefutika, badilisha, usizionee huruma. Zikiwa zimenasa vichembe vya chuma vichokoe na ncha ya kisu, ndo vinavyokwangua ringi.

3. Hapa ndo penye kazi. Legeza bolti ya raba kidogo tu, iweze kusogea ila isidondoke, kisha bana breki ili raba ilale kwenye ringi. Iwe katikati ya ule ukanda bapa, juu isiguse tairi (ikigusa italila ubavuni mpaka lipasuke) na chini isining'inie kwenye spoku. Breki ikiwa inapiga kelele, weka kipande cha kadi kati ya ncha ya nyuma ya raba na ringi kabla ya kukaza, ili ncha ya mbele, ile inayoelekea kule baiskeli inakoenda, itangulie kugusa kama milimita 1 hivi. Sasa ukikaza, ishikilie raba kwa vidole kwelikweli, maana bolti inapozunguka inaizungusha na raba, unaiacha imelala vizuri unakuja kukuta imeangalia juu.

4. Waya sasa. Kile kikoki cha kwenye hendeli kinapoingia waya kifunge chote, afu kirudishe mizunguko miwili. Legeza bolti inayoshika waya, vuta kwa koleo mpaka kila raba ibaki milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ringi, kaza. Waya ukiwa na nyuzi zilizokatika, nunua mwingine.

5. Raba moja inagusa na nyingine iko mbali? Chini ya kila mkono pembeni kuna skrubu ndogo ya springi. Ukiikaza, mkono huo unaenda mbali na ringi, ukiilegeza unasogea karibu nayo. Zungusha robo robo, kila mara bana breki uachie ndo uangalie, bila hivo springi inakudanganya.

6. Bana kwa nguvu mara kadhaa, waya mpya lazima ulegee kidogo. Ukilegea usirudi kwenye bolti, fungua tu kikoki cha hendeli mpaka mpini wa breki ushike vizuri kabla haujagusa hendeli. Kabla hujapanda angalia kile kibomba kilichopinda, kinachopitisha waya juu ya ile mikono miwili, kimerudi kwenye ndoano yake, kisha isukume baiskeli kwa miguu ubane breki ya mbele: gurudumu la nyuma likitaka kunyanyuka, panda.