Darubini janja juu ya paa Dar: jinsi ya kuanza bila kusumbuliwa na taa za mji

Mi naishi Sinza, ghorofa ya tatu, taa za barabara pande zote afu kuna baa chini inawasha mataa mpaka usiku wa manane, na bado nimepiga picha ya nebula ya Orion (nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani) ina uwekundu wake na yale mabawa kama ya popo. Nimeulizwa sana nafanyaje kwa hiyo naelekeza hapa mwanzo mpaka mwisho, hasa vitu ambavyo miongozo ya Ulaya na Marekani haisemi sababu anga lao sio letu.

Kwanza uelewe unachonunua. Hii sio darubini ya kuweka jicho, haina pa kuchungulia, ni kamera yenye lenzi nzuri na mota mbili na kompyuta ndani. Inapiga picha ya sekunde 10, inapiga nyingine, na nyingine, afu inazipanga juu ya mwenzake na kuzijumlisha, yani kitu hafifu kinajengeka taratibu kwenye simu yako huku unaangalia. Mi natumia Seestar S50, lenzi yake ina upana wa milimita 50, ilipotoka huko nje iliuzwa karibu dola 500, juu yake weka usafiri na ushuru. Mdogo wake S30 ni nafuu zaidi, na Dwarf 3, ya kampuni nyingine, nayo ni ndogo ya kubeba kwenye begi. Kama ndoto yako ni pete za Zohali au mistari ya Mshtarii usinunue hizi, nasema kwa nia njema kabisa, sayari zitatoka kadoti kadogo. Zimeumbwa kwa nebula, makundi ya nyota, Mwezi, na galaksi kubwa.

Hatua ya 1, ukiwa bado ndani. Shusha programu yake, jisajili, sasisha kila kitu ukiwa na intaneti ya uhakika. Chaji ijae. Watu wanafanya haya wakiwa juu ya paa gizani mtandao unasuasua na usiku unaisha hivyo.

Hatua ya 2, mahali. Kaa mbali na tanki la maji la chuma, mabati na nondo zilizochomoza, vinachanganya dira ya ndani ya mashine. Tafuta kona ambayo taa haipigi lenzi moja kwa moja, hata ukuta wa kufulia unatosha kukinga. Na miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba hivi, anga linakuwa safi sana ila upepo unatikisa stendi, kwa hiyo fupisha miguu yote mitatu iwe chini kabisa. Muage na mlinzi pia, mwambie "kaka, nipo juu na kamera ya nyota", maana mtu anayeona taa ndogo inazunguka juu ya paa saa 5 usiku ana haki ya kuogopa.

Hatua ya 3, levo. Programu ina pimamaji yake kwenye skrini, rekebisha miguu mpaka kiduara kikae katikati. Usiharakishe hapa. Stendi ikipinda mashine inahangaika kutafuta kitu na nyota zinatoka ndefu ndefu.

Hatua ya 4, unganisha simu kwa Wi-Fi ya mashine yenyewe. Simu italalamika haina intaneti, wewe chagua kubaki, na zima data, maana simu nyingi zinaikimbia hiyo Wi-Fi kimyakimya na unadhani mashine imekufa. Washa lokesheni, bila hiyo haijui ipo wapi duniani na anga litakosewa.

Hatua ya 5 ndo yenyewe, kuchagua kitu kwa UELEKEO. Nilipoteza usiku tatu kwa kutolijua hili. Dar ipo kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na nebula ya Orion kwenye ramani ya anga ipo nyuzi 5 na kidogo kusini, maana yake inapanda wima kutoka mashariki na inapita karibu kabisa na utosi. Ikifika utosini mota inatakiwa izunguke haraka kuifuata, inashindwa, picha zinatupwa moja baada ya nyingine. Lakini ikiwa bado mashariki au imeshaelekea magharibi, picha karibu haizunguki kabisa kwenye fremu (sehemu nyingine za anga kitu kinageuka taratibu ndani ya picha kadiri muda unavyokwenda), hii ni bahati yetu watu wa ikweta, wenzetu wa London hawana. Kwa hiyo katikati ya Januari ianze saa 2 usiku, iache inapokaribia saa 3 na nusu, afu irudie saa 5 na nusu ikiwa upande wa pili. Februari inakuwa utosini mapema tu, subiri saa 4 uipate magharibi.

Kilimia nacho ni cha msimu huohuo, kile kikundi cha nyota ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima, ila kipo kaskazini kidogo na hapo picha inazunguka. Kusini nako inazunguka. Nebula ya Carina na lile rundo kubwa la nyota la Omega Centauri, Mei na Juni jioni, piga dakika 20 au 30 tu ukubali kukata pembe za picha. Kuhusu kuilaza mashine iendane na ncha ya anga (ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka), Dar mi siifanyi, Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, haionekani hapa na ncha ya kusini ipo nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba ya jirani.

Hatua ya 6, filta. Kwa nebula nyekundu kama Orion, Carina, au Lagoon ya Julai na Agosti, washa filta ya taa za mji, inapitisha rangi chache za gesi na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Kwa Kilimia, galaksi na makundi ya nyota IZIME, vile vinatoa mwanga wa rangi zote, utajinyima mwenyewe.

Hatua ya 7, iache. Kitu kimoja saa nzima kinashinda vitu sita dakika kumi kumi. Ukizidisha muda mara nne, chengachenga za kwenye picha zinapungua nusu, hesabu ndo hiyo. Wakikata umeme mtaani usishuke, ndo muda wenyewe.

Kuhusu jua: usiielekeze mashine kwake bila filta ya jua kufungwa MBELE ya lenzi, hata sekunde. Weka hiyo filta mfuko mmoja na mashine, tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua na huku kwetu tutaona sehemu yake.

Ukimaliza ipanguse kwa kitambaa kikavu, hewa ya bahari ina chumvi, ifunge na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu, na uihifadhi ndani, sio stoo ya paani.