Namna ya kupima urefu wa jengo la ghorofa, kuanzia kizingitini

Uliza hapa Tanga jengo fulani lina urefu gani, utajibiwa, "Lina sita hilo." Lakini ghorofa si kipimo. Ghorofa ya ofisi hufika mita 4 na ya makazi huishia mita 3. Ukitaka mita zenyewe, tafuta futi kamba ndefu, klinometa (kifaa cha kupimia pembe ya mwinuko), mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, kikokotoo na mtu wa kukusaidia.

Hatua ya 1: Kubalianeni chini ni wapi

Ubishi mwingi huanzia hapa, hesabu yenyewe haina shida. Kiwanja kikiteremka kuelekea baharini, mlango wa nyuma unaweza kuwa mita 2 chini ya ule wa barabarani, na mwenye jengo atataka upimie huko nyuma. Baraza la majengo marefu lenye makao yake Chicago, lililojulikana kwa muda mrefu kama CTBUH, hupima kuanzia mlango wa chini kabisa ulio wazi nje na unaotumiwa hasa na waendao kwa miguu. Kwa hiyo mlango wa magari wa kushukia chini ya jengo hauhesabiki, wala kijimlango cha stoo. Ukishaupata, piga chaki kizingitini.

Hatua ya 2: Kubalianeni juu ni wapi

Juu zipo tatu: sakafu ya mwisho inayotumiwa na watu, kilele cha usanifu, na ncha ya kitu chochote kilichosimama pale. Kilele cha usanifu huhesabu minara ya mapambo, lakini si antena, nguzo za bendera wala mabango. Ndiyo maana mwaka 1998 Petronas Towers za Kuala Lumpur, zenye mita 452 pamoja na minara yake, ziliipita Sears Tower ya Chicago yenye mita 442 hadi paani, ingawa antena za Sears zilipanda juu zaidi. Burj Khalifa nayo ina mita 828, lakini sakafu yake ya mwisho inayotumika iko kwenye mita 585 hivi. Mimi huiamini zaidi sakafu hiyo; mapambo yanaweza kuongezwa na yeyote mwenye hela. Matangi ya maji tunayoyapandisha juu ya paa, yaache.

Hatua ya 3: Hamisha usawa

Weka alama kwenye fremu ya mlango, mita 1.5 juu ya kizingiti. Jaza mpira maji, toa mapovu yote, kisha uhamishe usawa huo hadi utakaposimama: maji ya ncha moja yakiwa kwenye alama, ya ncha ya pili yatakuwa usawa uleule. Klinometa ikae kwenye usawa wa maji. Mteremko hautakusumbua tena.

Hatua ya 4: Umbali na pembe

Vuta futi kamba ikiwa mlalo, usiifuatishe ardhi. Tuseme uko mita 40 kutoka ukutani na ukingo wa paa unaonekana kwa digrii 35. Tanjenti ya 35 (kitufe cha tan kwenye kikokotoo) ni 0.700, zidisha kwa 40 upate 28, ongeza 1.5: mita 29.5. Ukikosea digrii 1 hapo, unakosea kama mita 1. Ukisogea karibu mpaka pembe ifike 70, kosa lilelile linakaribia mita 1.5. Basi rudi nyuma, pembe ibaki kati ya 30 na 50.

Hatua ya 5: Antena iliyo ndani ya paa

Hapa umbali wa hadi ukutani haufai, kwa kuwa antena imesimama nyuma ya ukuta. Pima pembe mara mbili kwenye mstari mmoja na usawa uleule. Mfano: ukisimama karibu na jengo, digrii 42, na ukirudi mita 20 nyuma, digrii 32. Gawa 1 kwa tanjenti ya kila pembe: 1.111 na 1.600. Tofauti ni 0.49 hivi, gawa 20 kwa hiyo, upate karibu 40.8. Pamoja na 1.5 ni mita 42.3. Njia hii haisamehi: soma 33 badala ya 32, na 40.8 itageuka zaidi ya 46. Programu ya simu ya kupimia pembe isikudanganye hapa, azima theodolaiti, kifaa cha wapima ardhi cha kupimia pembe kwa usahihi.

Hatua ya 6: Andika

Usiandike "urefu: mita 42". Andika kutoka wapi hadi wapi: kizingiti cha mlango wa mbele hadi ukingo wa paa, 29.5, hadi ncha ya antena, 42.3. Watu wa usafiri wa anga watataka hiyo ya pili, tena juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ongeza mwinuko wa kizingiti kutoka kwenye alama ya upimaji iliyo karibu, ile ambayo mwinuko wake juu ya bahari unajulikana.