Pima nyota mwenyewe kwa simu: tunaanza na Sirius, kuanzia umbali mpaka uzito

Wakuu, wengi wakitaka kujifunza nyota wanaanza kukariri herufi O B A F G K M (madaraja ya nyota kwa joto, kutoka moto zaidi hadi baridi) alafu wanaishia hapohapo. Mimi nashauri anza na umbali. Ukishaujua umbali wa nyota, mwanga wake halisi, ukubwa na hata uzito vinafuata kwa hesabu za kawaida kabisa. Leo tunaipima Sirius, ile nyeupe inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, huku kwetu mwezi wa pili kwenye saa tatu usiku inakuwa karibu na utosi, zifuate zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuelekea kusini mashariki utaikuta.

Unahitaji simu yenye kalkuleta ya sayansi na bando kidogo. Ingia SIMBAD, ni hifadhidata ya nyota inayotunzwa Strasbourg, Ufaransa, ni bure, andika Sirius tu.

Hatua ya 1: umbali

Tafuta paralaksi. Dunia inazunguka Jua, kwa hiyo nyota ya karibu ukiipiga picha leo na tena baada ya miezi sita inaonekana imesogea kidogo mbele ya nyota za mbali, na nusu ya huko kusogea ndo paralaksi yenyewe. Mwanaastronomia Bessel aliipima kwa nyota 61 Cygni mwaka 1838. Ya Sirius ni 0.379 ya sekunde ya pembe (SIMBAD wanaandika kwa milisekunde, 379), na sekunde moja ya pembe ni digrii moja uigawe vipande 3,600, yaani ni kitu kidogo mno. Sasa gawa 1 kwa 0.379 unapata parseki 2.64 (kizio cha umbali cha wanaastronomia), zidisha kwa 3.26, miaka nuru 8.6. Tayari.

Namba hiyo ilitoka kwenye satelaiti ya Hipparcos iliyopima kati ya 1989 na 1993. Gaia iliyorushwa 2013 imepima nyota zaidi ya bilioni moja, ila hizi kali sana kama Sirius zinaisumbua. Na siku zote angalia kiasi cha kosa kilichoandikwa pembeni ya paralaksi, kikiwa kikubwa ukilinganisha na paralaksi yenyewe basi kila hesabu itakayofuata nayo inayumba. Betelgeuse iko hivo, ndo maana sikushauri uanze nayo.

Hatua ya 2: mwanga halisi

Magnitudi, yaani kipimo cha mng'ao tunaouona, ya Sirius ni -1.46. Namba ikishuka nyota inang'aa zaidi, na tofauti ya 5 ni mara 100 ya mwanga. Chukua magnitudi, jumlisha 5, alafu jumlisha 5 mara log ya paralaksi: -1.46 + 5 - 2.11 = 1.43. Hiyo ndo magnitudi ambayo ingekuwa nayo ikiwekwa parseki 10 kutoka kwetu. Jua likiwekwa hapohapo lingekuwa 4.83. Tofauti ni 3.4, zidisha kwa 0.4 unapata 1.36, kwa hiyo 10 kwa kipeo cha 1.36, kama mara 23 ya Jua. Ukikuta kwingine wameandika 25 usishangae, sisi tumehesabu mwanga wa macho tu wakati Sirius inatoa mwingi pia kwenye urujuanimno.

Hatua ya 3: joto na daraja

Hapa ndo penyewe. Tafuta gretingi (kioo au plastiki yenye mistari midogo inayotawanya mwanga kuwa rangi) ya mistari 100 kwa milimita, ifunge mbele ya lenzi ya kamera, weka kamera kwenye stendi bila kuifuatisha nyota. Geuza gretingi mpaka ule mkanda wa rangi uwe umekatiza njia ambayo nyota inaenda, alafu acha shata wazi sekunde kadhaa. Nyota ikitembea yenyewe inaupanua ule uzi mwembamba unakuwa utepe, na ndani ya utepe utaona mistari myeusi, mmoja kwenye bluu-kijani nanomita 486, mingine inazidi kubanana kuelekea zambarau. Hiyo ni hidrojeni.

Mistari ya hidrojeni ikiwa mikali kiasi hicho ni daraja A, joto kama kelvini 9,900. Nyota zina hidrojeni nyingi karibu zote, ila kwenye nyota baridi elektroni haijapanda ngazi ya pili inakofyonza mwanga huo, na kwenye nyota moto sana inakuwa imeshang'olewa kabisa. Kwa hiyo mistari inatuambia joto zaidi kuliko kiasi cha hidrojeni, na aliyelionesha hili vizuri ni Cecilia Payne mwaka 1925, akitumia spektra (mikanda ya rangi ya nyota) za Harvard, kule ambako Annie Jump Cannon alikuwa ameshapanga nyota laki kadhaa kwa jicho lake. Daraja kamili la Sirius huandikwa A1V, na ile V ya Kirumi inatokana na upana wa mistari, nyota majitu zina anga jepesi kwa hiyo mistari yake inakuwa myembamba.

Hatua ya 4: ukubwa

Joto gawa kwa la Jua: 9,900 kwa 5,772 ni 1.715. Kipeo cha nne, 8.65. Mwanga 25 (ule unaojumlisha na urujuanimno) gawa kwa 8.65, tafuta kipeuo cha pili, 1.7. Upana wa Sirius ni mara 1.7 ya Jua.

Hatua ya 5: uzito

Sirius ina mwenzake, Sirius B, Bessel alimhisi 1844 kwa jinsi nyota ilivyokuwa inayumba na Alvan Graham Clark akamwona kwa darubini 1862. Wanazungukana kwa miaka 50.1, na nusu ya mhimili mrefu wa njia yao ni sekunde 7.5 za pembe. Gawa 7.5 kwa 0.379, ni mara 19.8 ya umbali wa Dunia na Jua. 19.8 kwa kipeo cha tatu, gawa kwa 50.1 mara 50.1, jibu 3.1. Huo ni uzito wao wawili ukilinganisha na Jua. Kwa kuwa B anayumba karibu mara mbili ya A, A ana kama 2 na B kama 1, na huyo B ni kibete cheupe, uzito wa Jua zima kwenye mwili unaokaribia Dunia hii kwa ukubwa.

Sasa fanya Alfa Centauri mwenyewe: paralaksi 0.75, sekunde 17.5, miaka 79.8. Ukipata karibu na 2 umepatia, ukipata tofauti tuma hesabu zako tuziangalie pamoja.