Sikukuu ya Mavuno Usharikani: Namna ya Kupokea kwa Shukrani na Kutoa Hesabu ya Uwakili

Sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania huadhimisha Sikukuu ya Mavuno kila mwaka, na tarehe yake hufuata msimu wa mahali: wakulima huleta walichovuna shambani, na mjini, ambako waumini wengi hawana shamba, bahasha na simu hushika nafasi ya gunia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na wajumbe wa kamati za uwakili, yaani utunzaji wa mali ambayo Mungu ameikabidhi kwa kanisa, ambao wanataka siku hiyo iwe ibada ya shukrani kweli, wala isigeuke kuwa siku ya kuziba pengo la bajeti. Ninaamini kwamba usharika unaotaka watu wamtolee Mungu kwa moyo wa ukunjufu, kama asemavyo Paulo katika 2 Wakorintho 9:7, hauna budi kwanza kujifunza kupokea vizuri na kueleza waziwazi kilichopokelewa kimefanya nini.

Maandalizi yaanzie kwenye jumuiya, nyumba kwa nyumba, wiki sita hivi kabla ya sikukuu, na yaanze bila kutaja fedha. Kiongozi wa jumuiya asome Kumbukumbu la Torati 26:1-11, ambapo Mwisraeli anaagizwa kuweka malimbuko yake, yaani mazao ya kwanza ya shamba, kikapuni, ayapeleke mbele za Bwana, kisha asimulie historia ya jinsi Mungu alivyowatoa baba zake utumwani. Yaani kikapu kinakwenda pamoja na simulizi. Baada ya kusoma, kila kaya ipewe nafasi ya kusema mwaka huu inamshukuru Mungu kwa jambo gani, na katibu wa jumuiya aandike kwa ufupi katika daftari, kwa ridhaa ya msemaji. Mmoja atasema mtoto amemaliza darasa la saba, mwingine atasema ng'ombe amezaa, na mwingine atashukuru kwamba mume aliyelazwa miezi miwili amerudi nyumbani. Yaliyoandikwa humo ndiyo yatakayoingia katika sala ya shukrani siku ya sikukuu, badala ya maneno ya jumla ambayo yangeweza kusomwa mwaka wowote na katika kanisa lolote.

Hapa pana jambo linalohitaji upole mkubwa. Katika kila jumuiya wapo waliofiwa, waliokosa mvua, au waliopoteza kazi, na si haki kuwasukuma watoe ushuhuda wa furaha wasiyokuwa nayo. Habakuki 3:17-18 inamfurahia Bwana mtini usipochanua na zizi likiwa tupu, lakini nabii anasema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna mzee wa kanisa aliyemshika mkono ili aseme. Mjane anayesema, "Mwaka huu sina la kusema, niombeeni," naye ameshiriki, na daftari lipokee ombi lake kwa heshima ileile. Kiongozi mwenye busara atampitia nyumbani wiki hiyohiyo, bila bahasha mkononi.

Kadi za ahadi zifuate baada ya hapo, na ni vizuri zikaandaliwa kwa kuzingatia namna watu wanavyopata riziki. Kadi nyingi zimetengenezwa kana kwamba kila muumini ana mshahara wa mwisho wa mwezi, ilhali mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, na mwendesha bodaboda au mama lishe hupata kwa siku na hajui kesho italeta nini. Paulo aliwaelekeza Wakorintho kuweka akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwao (1 Wakorintho 16:2), na kipimo hicho cha kadiri kinafaa sana katika mazingira yetu. Mkulima anaweza kuahidi debe moja katika kila gunia atakalovuna, na kwa kuwa gunia la mahindi huwa na debe sita hivi, ataweza kujipimia mwenyewe bila kuhitaji hesabu za karani. Mwendesha bodaboda anaweza kuahidi fedha ya safari ya kwanza ya kila Jumamosi. Kadi iwe pia na sehemu ya kuandika utumishi: fundi umeme ataje siku atakazokagua nyaya za kanisa, mhasibu ajitolee kusaidia kufunga vitabu vya mwaka, na mama anayefua vitambaa vya madhabahuni kila juma aandikwe, maana kazi yake imekuwa sadaka muda wote hata kama haijawahi kuonekana katika taarifa yoyote.

Ahadi isigeuzwe deni. Ni jambo la kuumiza kuona familia iliyofiwa ikifunguliwa daftari la bahasha kabla haijajibiwa kuhusu ibada ya maziko, au majina ya wasiotimiza ahadi yakisomwa mbele ya watu wote. Zoea hilo, popote lilipo, liachwe, kwa sababu linafundisha watu kwamba neema ina ada. Aliyerudi nyuma katika ahadi yake aandikiwe au atembelewe kwa faragha, aulizwe hali yake, na aruhusiwe kuibadilisha.

Siku ya sikukuu yenyewe, wekeni meza ya mapokezi nje ya mlango wa kanisa mapema asubuhi, pakiwa na watu wawili wa kuandika na wawili wa kupanga. Kila kinachofika kiandikwe jinsi kilivyo: mkungu wa ndizi mmoja, kuku jogoo mmoja, maharage kilo tano, mayai sita. Anayepokea asimame, apokee kwa mikono miwili na aseme asante kwa kumtaja mtoaji jina. Mtoto aliyeleta limau mbili apokelewe vilevile kama mfanyabiashara aliyeleta magunia. Kuku wawekwe kivulini na wapewe maji, maana ibada huweza kuchukua saa tatu, na maziwa yakabidhiwe mtu maalumu wa kuyauza au kuyagawa siku hiyohiyo.

Kabla ya mnada wa vitu vilivyoletwa, tengeni fungu la wahitaji. Walawi 23:22 iliwaamuru Waisraeli wasivune pembe za mashamba yao bali wawaachie maskini na mgeni, na Kumbukumbu la Torati 26:11 inamhesabu mgeni miongoni mwa wanaofurahia malimbuko. Fungu hili lisisubiri mabaki ya mnada. Wazee wachague vyakula vizuri mapema, na jioni hiyohiyo vipelekwe kwa wagonjwa, wazee wasioweza kutembea na kaya zilizotajwa na viongozi wa jumuiya, bila kupiga picha.

Mnada baada ya ibada ni furaha ya watu wetu na hauna haja ya kufutwa. Kila aliyewahi kusimama kwenye uwanja wa kanisa anaujua mchangamko wake: embe moja linanunuliwa kwa bei ya kapu zima, mnunuzi anasema analirudisha kanisani, linanadiwa tena, na mwisho linaishia mikononi mwa bibi mzee zaidi katika usharika huku vigelegele vikipigwa. Hata hivyo mnadishaji ana wajibu mzito. Asimtanie asiyeweza kupandisha dau, asiwapambanishe matajiri wawili mpaka sadaka iwe mashindano, na apange baadhi ya vitu viuzwe kwa bei ya kawaida ili mwenye elfu mbili naye aondoke na kitu. Yesu aliyesifu senti mbili za mjane (Marko 12:41-44) alikuwa ameketi karibu na sanduku la sadaka, akiwaona pia matajiri walivyotia. Waliokopa mnadani waandikwe papo hapo na kutia sahihi, kwa sababu hesabu nyingi za mavuno huharibikia hapo.

Kuhesabu kufanyike siku hiyohiyo, na watu wasiopungua watatu ambao si wa familia moja. Utaratibu huu una mizizi katika Maandiko: katika 2 Wafalme 12, fedha za kutengeneza hekalu zilipojaa sandukuni, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, na Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na wa kulaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Wapo wanaoona kwamba kuhesabu kwa pamoja ni kumshuku mtunza hazina. Mimi naona kwamba kunamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Fomu ijazwe nakala mbili, fedha taslimu, bahasha na mnada vikiwa katika mistari tofauti, wote watie sahihi, na fedha zipelekwe benki Jumatatu. Sadaka za simu zipitie lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, kamwe zisipitie namba binafsi ya kiongozi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Taarifa irudi kwenye jumuiya zilezile zilizoanza na maombi, ndani ya mwezi mmoja. Ukurasa mmoja unatosha: kilichopokelewa, kilichouzwa, kilichogawiwa wahitaji, madeni ya mnada ambayo bado hayajalipwa, na matumizi yaliyopangwa. Maneno kama "maendeleo ya usharika" hayamwambii mtu kitu. Andikeni kwamba fedha zitanunua mabati ya nyumba ya mwinjilisti au zitaweka mifereji ya paa na tenki la kuvunia maji ya mvua. Mradi uliokwama utajwe pamoja na sababu yake. Uwakili wa ardhi ya kanisa nao upate mstari wake katika taarifa, na hapa tunao mfano wa karibu: chini ya Askofu Fredrick Shoo, Dayosisi ya Kaskazini ilijulikana kwa kuhimiza upandaji miti kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ikiwashirikisha vijana wa kipaimara.

Pamoja na taarifa, baraza la wazee liandike orodha ya shukrani, likiiga sura ya 16 ya Warumi, ambamo Paulo anawataja kwa majina Fibi, Priska na Akila, Mariamu na wengine wengi, akieleza taabu ya baadhi yao. Watajwe waliofagia uwanja, waliopika chai, waliobeba magunia na waliohesabu hadi usiku, bila kutaja kiasi alichotoa mtu yeyote. Orodha hiyo isomwe Jumapili inayofuata na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na aliyesahaulika aongezwe kwa kalamu mara tu atakapokumbukwa.