Namna ya kuwa rafiki wa simu wa mzee mpweke hapa Uingereza

Tulioko Uingereza hali tunaijua, mzee anakaa flati peke yake, mwenzie kashafariki, watoto wako Australia, wiki inaisha sauti pekee aliyoisikia ni ya TV. Serikali yenyewe iliona hili ni tatizo, Januari 2018 ikamteua Tracey Crouch kuwa waziri wa kushughulikia upweke. Ila kazi yenyewe ya kunyanyua simu na kumjulia mzee hali inafanywa na watu wa kawaida wanaojitolea, na sisi tuliolelewa kusalimiana dakika tano kabla ya kutaja shida tunaiweza kabisa.

Pa kuanzia: Age UK, shirika la hisani la wazee, wana huduma ya urafiki kwa simu, iko pamoja na The Silver Line, laini ya simu ya wazee ambayo ilianzishwa 2013 na mtangazaji Esther Rantzen, yule aliyeandika gazetini kuhusu upweke wake baada ya kufiwa na mume. Wapo pia Re-engage, shirika jingine la hisani, hao wanapigia wenye miaka 75 na kuendelea. Unajaza fomu mtandaoni, unasoma mafunzo yao, wengine watataka watu wa kukudhamini au ukaguzi wa rekodi ya polisi, afu wanakutafutia mzee mnayeendana. Pale kwenye mambo unayopenda andika ukweli bana, usiseme bustani wakati hata mchicha hujawahi kuumwagilia, maana utapewa mzee ambaye maisha yake ni waridi na utajua hujui.

Kwa Age UK ni simu moja kwa wiki, kama nusu saa hivi. Inaonekana kidogo, sasa hapo kwenye kuchagua siku ndo watu wengi wanateleza. Chagua siku na saa ambayo hata ratiba ya kazini ikivurugika utaiweza, kama uko kwenye kea (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa) na shifti zinabadilika kila wiki ongea na mratibu wa shirika mapema kabisa. Mzee ukimwambia Jumatano saa kumi jioni, saa tisa na nusu kashakaa kwenye kiti cha karibu na simu, kaweka chai pembeni, kavaa na kile kifaa cha masikioni ambacho siku nyingine hakigusi. Ukichelewa dakika ishirini kwa ile desturi yetu ya "niko njiani" yeye anajua ameshasahaulika. Mimi naona mtu asiye na stori ila anapiga saa ile ile kila wiki anamfaa mzee kuliko mcheshi anayepiga akikumbuka.

Simu ya kwanza muulize anapenda umwiteje. Wapo wanaotaka jina la kwanza tu, wapo wa Mister na Missis mpaka kesho. Mambo ya bibi na babu acha, hapa ukimwita hivyo mtu asiye ndugu yako anaona umemzeesha. Na ile "watoto hawajambo?" inayotutoka bila kufikiri, izuie kwanza, kwa sababu huenda hakujaliwa, au wamegombana hawasemeshani, au amemzika mmoja. Akitaka kuwataja atawataja mwenyewe. Anza na hali ya hewa, najua tunawacheka ila kwao ule ndo mlango, ukishapita hapo ndani kuna mengi.

Swali lisiwe la kujibiwa ndiyo au hapana. "Uko poa?" atajibu yuko poa na mmeishia hapo, muulize mchana kapika nini, utasikia supu, kutoka supu mtafika kwa mama yake na foleni za mgao wa chakula wa baada ya vita. Hao wa miaka themanini na kitu waliikuta nyama inatolewa kwa mgao mpaka Julai 1954. Pesa pia ni stori nzuri, walitumia shilingi mpaka Februari 1971, pauni moja shilingi 20, mwambie sisi kwetu shilingi bado ipo uone atakavyofurahi. Na ukisema unatoka Kenya usishtuke mwanaume aliyezaliwa kabla ya Oktoba 1939 akikwambia alikuwa huko jeshini kwa lazima miaka ya hamsini. Hapo inaweza kuwa ngumu hasa kama kwenu kuna watu walioteseka enzi za Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza wakati wa Mau Mau, huna lazima ya kusikiliza kila kitu, badilisha mada kwa adabu na ikikukaa moyoni mwambie mratibu.

Kingine, usikimbilie kutoa dawa. Mama anasema "jana sikulala," sisi haraka tunasema pole, kunywa maziwa ya moto, utalala. Jaribu kumuuliza tu "ulikuwa unawaza nini?" afu unyamaze. Anaweza kukaa kimya muda mrefu mpaka ukadhani simu imekatika, ndo anakwambia jana ilikuwa tarehe yao ya ndoa. Hapo sasa maongezi ndo yameanza.

Kama hasikii vizuri ongea polepole na kwa sauti nzito kidogo, kupiga kelele kunavuruga tu maneno. Lafudhi ya Glasgow au Newcastle ikikushinda sema hujasikia, rudia tafadhali, usiitikie itikie hovyo, watu wanajua.

Mipaka nayo. Mara nyingi unaunganishwa kwa mfumo wao, kwa hiyo namba yako binafsi usimpe hata akiomba kwa upendo. Benki, namba za siri, mirathi, usiulize na akianza kutaja mkatishe. Akilia bili za umeme usijifanye mtaalamu, mpe namba ya ushauri ya Age UK 0800 678 1602. Akijisikia mpweke usiku wa manane The Silver Line wako wazi saa 24 na ni bure, 0800 4 70 80 90. Akisema ameanguka hawezi kunyanyuka hiyo ni 999, namba ya dharura, hapo hapo. Akisema haoni sababu ya kuishi usimwambie "usiseme hivyo", msikilize, mtajie Samaritans, wanaosikiliza watu waliokata tamaa, 116 123, na ukikata simu mtaarifu mratibu siku hiyo hiyo hata kama mzee kakuomba iwe siri. Asipopokea subiri kidogo upige tena, bado kimya toa taarifa, usianze kumtafuta mwenyewe.

Kuna siku mratibu atakupigia yeye kukwambia mzee wako amefariki. Pengine familia hata haikujui na msibani hutaalikwa. Omba kupumzika kabla hujapewa mwingine, wanaelewa.

Ukiwa unaenda likizo Bongo mwambie mzee wiki mbili kabla na tena wiki moja kabla, mtajie tarehe utakayopiga tena aiandike kwenye kalenda, na muulize mratibu kama kuna mtu wa kushika nafasi yako.