Kuvua kwa mshipi Pangani wakati wa kipupwe: mwongozo kwa tunaotoka Moshi

Shemeji yangu anataka kushuka Pangani na wenzake Julai hii wakavue samaki. Tumeelekezana kwa simu mpaka salio likaisha, na kwa kuwa kila kipupwe kuna mtu wa Moshi au Arusha anauliza hayohayo, nayaweka hapa yote.

Kwanza jambo moja. Wakati huku mlima umejifunika na tunatembea na makoti, pwani ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Jua lipo na watu wanaoga baharini, basi mgeni hudhani bahari imetulia. Kusi huanza kuvuma masika yakiwa bado yanaendelea, hukaza Juni hadi Agosti, na maji ya bahari hupoa mpaka nyuzi 25 hivi kutoka zile 29 au 30 za mwezi Machi. Samaki hawaondoki. Kinachobadilika ni saa za kuwapata na mahali pa kuwatafuta.

Ninazungumzia mshipi wa mkono, ukiwa ufukweni au kwenye ngalawa upande wa ndani wa miamba. Anayetaka kwenda kilindini kufukuzia nguru na jodari asubiri msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kukata tiketi

Hapa ndipo safari nyingi za watu wa bara huharibikia. Mtu anaomba ruhusa kazini, anapewa Ijumaa na Jumamosi, anapanda basi. Mwezi hajauangalia. Anafika, asubuhi maji yanamkimbia, mchana upepo unamrushia mchanga machoni, anarudi na samaki wa kununua.

Kuna mambo mawili ya kuoanisha: maji na upepo.

Tuanze na maji. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanapanda juu sana, yanakupwa mbali sana, na mkondo unakimbia. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, mkondo ni wa pole.

Sasa hesabu yenyewe. Siku mwezi unapoandama, maji ya pwani ya Tanga hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Ongeza dakika 50 kwa kila siku ya mwezi. Mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame (si Agosti), utapata maji yanajaa karibu saa nne na nusu asubuhi, baada ya kuanza kupanda tangu saa kumi usiku. Kama hujui leo mwezi ngapi, tazama kalenda yenye tarehe za Kiislamu kwa jirani au muulize muumini yeyote. Hesabu hii ni ya kukadiria. Ukitaka dakika kamili tafuta jedwali la maji la bandari.

Halafu upepo. Kusi halivumi kwa nguvu ileile kutwa nzima. Usiku na alfajiri hupungua, na mara nyingi kuna umande, ule upepo mwepesi utokao bara. Kuanzia saa nne au saa tano jua linapokuwa limepasha nchi kavu joto, upepo wa baharini hujiunga na kusi, na kuanzia hapo mpaka jioni ni vurugu. Kwa hiyo muda wako ni kutoka alfajiri hadi saa nne hivi, wakati mwingine saa tano.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Samaki wa pwani huingia na maji yanayojaa, hufuata chakula juu ya mwamba na kwenye nyasi za bahari. Unataka maji yawe yanajaa wakati upepo umelala. Siku za bamvua haiwezekani: maji yamejaa saa kumi alfajiri, asubuhi yote yanakupwa, na yakianza kupanda tena ni saa tano, upepo nao umeamka. Siku za maji mafu ni kinyume chake, yanapanda asubuhi yote ile tulivu. Kwa hiyo katika kipupwe mimi husema nenda mwezi sita hadi tisa, au mwezi ishirini na moja hadi ishirini na nne. Siku nyingine utapata samaki, ila utawatolea jasho.

Kuna wazee wa pwani watakaokucheka ukisema hivi. Wao husifu bamvua, na wana haki yao: bamvua maji yakikupwa saa nne watu hutembea mwambani kutafuta pweza, na chewa wakubwa huwa wachangamfu mkondo ukikimbia. Lakini mzee yule anaijua bahari yake kwa miguu, ana mshipi mzito na chubwi kubwa, ule uzito wa kuuzamisha. Wewe umetoka Majengo ya Moshi jana.

Mambo ya kuangalia zaidi hapa:

Programu za simu zinazoonyesha maji kujaa na kupwa ni nzuri, ila baadhi huandika saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Zipime kwa ile hesabu ya mwandamo. Ikikuambia siku ya mwezi mwandamo maji yanajaa saa saba na nusu mchana, ongeza saa tatu au ifute. Hili limewaweka watu ufukweni saa nzima nzima wakitazama matope. Tofauti ya dakika chache kati ya Tanga, Zanzibar na Mombasa isikusumbue.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Kipupwe angalizo hilo hutoka mara kwa mara. Likitolewa kwa mkoa wa Tanga, ngalawa hupandi, hata mwezi uwe nane na nahodha awe anakuvuta mkono. Ufukweni unaweza kuvua, mahali palipokingwa.

Na kuhusu mlango wa Mto Pangani. Maji yale yametoka kwetu: mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto unateremka hadi baharini. Maji yakikupwa, mto unatoka kwa kasi na kukutana uso kwa uso na mawimbi ya kusi. Hapo mlangoni mawimbi husimama wima, mafupi na yenye hasira, hata siku ambayo nje kunaonekana shwari. Hutoki na huingii maji yakiwa yanakupwa kwa nguvu. Nahodha mzuri atakuambia mwenyewe. Asiyekuambia, mwache.

Hatua ya 2: Watu kwanza

Ukifika, nenda diko, wanakoshushia samaki, ulizia viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukweni, na ueleze unachotaka. Leseni ya uvuvi ni jambo la kisheria kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya 2003, na wao watakuambia uende kwa ofisa gani. Waulize pia mipaka: Kisiwa cha Maziwe ni hifadhi tengefu, hakuvuliwi, na ukanda wa kaskazini mwa Pangani kuelekea Tanga una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Salamu zako ziwe za mtu aliyelelewa. "Shikamoo mzee" halafu unakaa, unaulizwa habari za bara, za mlima, za mahindi, unajibu zote. Bei ya ngalawa huja mwishoni. Patana kabla ya kupanda: fedha kiasi gani, samaki mnagawana vipi, na kurudi saa ngapi. Saa ya kurudi itajwe waziwazi, saa nne.

Jaketi la kuokolea ni lazima. Kama hawana, uje nalo.

Hatua ya 3: Vifaa

Fimbo yenye rili ni ya kupigia picha. Kwa ngalawa na kwa mwamba, mshipi wa mkono unatosha na unakufundisha zaidi kwa sababu kidole ndicho kinachosikia samaki. Nunua nailoni ya milimita 0.6 hivi, mita 100, uizungushe kwenye chupa ya plastiki au kipande cha mti. Uzi mwembamba wa perege wa Nyumba ya Mungu utakatika kwenye mwamba kabla hata samaki hajauona.

Ndoana: ya upana unaokaribiana na kucha ya kidole gumba. Kubwa zaidi ya hapo ni ya ndoto.

Chubwi hupotea, hivyo usinunue za bei. Plagi kuukuu za pikipiki kutoka kwa fundi yeyote wa Moshi ni chubwi nzuri, chukua kumi. Zifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wako, chini, na ndoana iwe juu yake kwa shubiri moja. Plagi ikinasa kwenye jiwe, unavuta, uzi mwembamba unakatika, unabaki na ndoana na samaki wako. Ukifunga kila kitu kwa uzi mmoja utaacha vyote baharini.

Kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uvalishe kidole cha shahada. Viatu vya plastiki vya kufunga, si kandambili.

Hatua ya 4: Chambo

Nyungunyungu wa kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, waache kihambani. Kwenye maji ya chumvi hufa na kulegea mara moja, na visamaki huwamaliza.

Kamba wabichi hupendwa na kila samaki, kasoro yao ni hiyohiyo: hunyonyolewa haraka. Mimi nachagua ngisi. Mkate vipande virefu kama kidole, mpitishe ndoana mara mbili, mwache mkia unaning'inia. Nyama yake ni ngumu, visamaki watagongagonga na bado itabaki kitu kwa ajili ya changu. Ngisi akikosekana, minofu ya kibua iliyopakwa chumvi usiku kucha. Kanunue mapema, kwa sababu kipupwe boti chache hutoka na bei hupanda.

Hatua ya 5: Kuvua

Tafuta mahali palipokingwa na kusi: nyuma ya mwamba, nyuma ya kisiwa, ndani ya hori lenye mikoko. Ukiwa ufukweni, simama kwenye kingo za mkondo, pale rangi ya maji inapobadilika. Karibu kabisa na mlango wa mto ni matope matupu. Sogea pembeni hadi maji yaanze kuonyesha kijani.

Tupa, acha chubwi iguse chini, kaza mshipi, uulaze juu ya kile kidole ulichovalisha mpira.

Changu hugonga kwa nguvu na haraka, mpe mvuto mmoja mkali. Chewa humeza kimya halafu hurudi pangoni, na sekunde ya kwanza ndiyo yako. Akishaingia ndani, legeza mshipi kabisa usubiri, mara nyingine hutoka mwenyewe. Kolekole hukimbia, muachie akimbie. Mguso mdogomdogo usioisha ni visamaki au kikande. Dakika kumi na tano bila kitu, hama.

Hatua ya 6: Wasioguswa ovyo

Tasi ni mtamu ila miiba yake ina sumu. Mkanyage taratibu kwa kiatu, ndipo utoe ndoana. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, na kama maumivu yanazidi nenda zahanati. Mkunga huuma, kata mshipi umwache aende.

Bunju, yule anayejivimbisha, usimle, usimpe mtu, usimpe paka. Sumu yake haiishi kwa kupika.

Hatua ya 7: Kuwafikisha nyumbani

Pasua samaki, toa matumbo na mashavu yao ya kupumulia hapohapo diko, osha. Barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, tabaka la barafu, tabaka la samaki, na la mwisho juu liwe barafu. Tumia deli la barafu au ndoo yenye mfuniko unaobana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kondakta akiona maji ya samaki yanatiririka kwenye basi lake mtashuka wote wawili Segera.

Kama huna barafu ya kutosha, usibahatishe. Lipa mama lishe wa diko awakaange wakauke vizuri, wapoe kabisa kabla ya kufungwa, upande basi la asubuhi. Au wafanye ng'onda: pasua mgongoni, chumvi, anika. Upepo wa kusi unaokuzuia kuvua mchana ndio huohuo utakaokukaushia. Deli lenyewe lisafiri wima, tundu la maji limezibwa, na Mombo basi likisimama, shuka nalo ukamwage maji yaliyoyeyuka mbali na wauza matunda.